Gemu Iliyonifia Mikononi

Tulipanda gari moshi Voi jioni, behewa la daraja la tatu, mimi na baba mdogo Mokaya, tukiwa na sanduku la bati lililokuwa la marehemu baba yangu. Kufuli yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo baba mdogo alilifunga kwa kamba ya katani. Harufu ya katani ile ilinifuata usiku kucha, kwa sababu baba alikuwa akirudi nayo nyumbani kila siku kutoka mashambani, mpaka kifua kilipomzuia kwenda. Asubuhi tulishuka Nairobi. Tukapata basi saa nne, likapita Nakuru, likapanda milima ya Kericho, na baridi ikaanza kuning'ata vidole vya miguu kwenye ndara. Hapo nikaona mashamba ya chai kwa mara ya kwanza maishani. Yalikuwa yamekatwa sawasawa mpaka macho yanapoishia, nami nikadhani ni viwanja vya mpira. Nikamwuliza baba mdogo ni timu ngapi zinacheza huku. Alicheka hadi akafuta machozi. Tangu mazishi sikuwa nimemwona akicheka.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama yangu, Mtaita, alikuwa amerudi kwa kaka zake ambao hawakuwa na nafasi ya mtoto mwingine, na ukoo wa baba ulikuwa umesema kwamba mtoto ni wao. Ukoo wenyewe, kwa kweli, ulikuwa ni baba mdogo peke yake. Tulipopita Sotik, mvua ikinyesha kwenye vioo, alinieleza mambo yalivyo. Kiwanda cha chai kilikuwa kimempunguza kazini. Malipo aliyopewa alikuwa amenunulia televisheni na mashine ya gemu, akavipata kwa Mama Hansa, Mhindi mmoja wa mjini Kisii aliyekuwa na duka la vitambaa na ambaye wajukuu wake walikuwa wameichoka mashine hiyo. Alikuwa amekodi chumba Keroka, sokoni.

"Chumba kikisimama, utakaa kwangu na utasoma," aliniambia. "Kisiposimama, mwanangu, sijui nitakuweka wapi."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Tulipofika nikakuta chumba kina kuta nne na paa la mabati, basi nikatulia moyo.

Nayaandika haya kwa sababu mwezi uliopita Kemunto, binti wa baba mdogo, alinipigia simu. Namba yangu alikuwa ameipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu, maana mimi sikai mahali. Nimeishi Naivasha, ambako nilimaliza kidato cha nne nikiwa mzee wa darasa. Nimeishi Malaba, Lodwar na Mwanza. Kila mji nimeingia nikisema huu ndio, na kila mji nimetoka na mkoba uleule. "Tulimzika mzee Alhamisi ile nyingine," Kemunto alisema. "Tulikutafuta sana." Nilikuwa nimesimama kwa fundi wa televisheni. Mbele yangu kulikuwa na televisheni kuukuu imewashwa bila kifuniko cha nyuma, na vumbi lilikuwa linaungua ndani yake. Ile ndiyo iliyokuwa harufu ya chumba cha baba mdogo.

Ile harufu, na ya unga wa moto. Chumba kilipakana na kinu cha kusaga mahindi, na mota ya kinu ilipowashwa picha kwenye televisheni ilikuwa inajikunja kutoka pembeni, wapiganaji wanakuwa wembamba kama mabua, na watu wote wanapiga kelele kwa pamoja ukutani: "Zima hiyo kitu!" Mwenye kinu hakuzima kwa ajili yetu hata siku moja. Kulikuwa na benchi moja la mbao ya mkaratusi, wachezaji wawili wakikaa, wengine wote wakisimama nyuma yao na kuwapumulia shingoni. Ijumaa jua likizama tulifunga, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya Wasabato, na hatukufungua tena mpaka Jumapili asubuhi.

Gemu ilikuwa moja tu, ya kupigana. Wapiganaji walikuwa wanane, na majina yao yalikuwa yameandikwa kwa maandishi ambayo hakuna mtu Keroka aliyeweza kuyasoma, kwa hiyo wakapewa ya kwetu. Kulikuwa na Mnene, aliyepiga kofi la polepole lakini likikupata umekwisha. Kulikuwa na Dada Teke, Mzee wa Ndevu, na mmoja mwenye kofia aliyeitwa Polisi, ambaye watu walimchagua ili wapate raha ya kumwona akipigwa. Sheria ya chumba ilikuwa fupi: aliyeshindwa analipa na kuinuka, aliyeshinda anabaki.

Aliyebaki sana alikuwa Ombati, utingo wa lori la ndizi, kijana mwenye mabega kama mlango. Lakini hakubaki siku zote, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Kulikuwa na fundi viatu aitwaye Maranga, mtu wa makamo, vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Maranga alijua kitufe kimoja tu kwenye pedi ya kuchezea, na alikibonyeza kama anayegonga misumari. Siku moja, wiki yangu ya pili pale, alimchagua Mnene, akagonga, akagonga, na Mnene akampiga Ombati makofi matatu mfululizo. Chumba kililipuka. Walimbeba Maranga mpaka barabarani, kiatu cha mteja kikiwa bado kwapani mwake.

"Ombati! Umechapwa na gundi!" mtu alipiga kelele.

"Wachana na mimi! Nilikuwa naangalia huyo mtoto wa Mokaya ananikanyaga mguu," Ombati alijibu, naye anacheka kuliko wote.

Baada ya siku ile Maranga alishindwa labda mwezi mzima bila kupumzika. Alikuja kila siku. Wakati ule sikujiuliza kwa nini.

Shule sikuwa naenda. Barua yangu ya uhamisho kutoka Taita ilikuwa haijafika, na bila barua mwalimu mkuu hakutaka kuniona. Kwa hiyo asubuhi nilifagia chumba, nikafuta skrini kwa kitambaa, kisha nikacheza peke yangu mpaka watu walipoanza kuja baada ya soko kuchangamka. Ekegusii, lugha ya kwao baba, sikukijua. Nilishangaa siku ya kwanza kumsikia Kemunto akimwita mama yake "baba", na baba yake "tata", nikadhani nyumba hii wamegeuza kila kitu. Kiswahili changu nacho kiliwachekesha. "Wewe unaongea kama redio," Ombati aliniambia. Wakaniita Mtaita. Mchana kutwa watu waliongea juu ya kichwa changu maneno nisiyoyajua, na kitu pekee pale ambacho kilinielewa kilikuwa ile pedi.

Nikagundua siri. Dada Teke akisimama hatua moja kutoka kwa adui, akachuchumaa na kupiga teke la chini, adui anaanguka. Ukihesabu moja na nusu, kabla hajanyooka, unapiga tena. Anaanguka tena. Hana njia. Nilirudia asubuhi mia labda, mpaka vidole vikawa vinahesabu vyenyewe bila mimi.

Siku niliyokaa kwenye benchi, Ombati alikuwa amemaliza watu wote na alikuwa anatafuta wa kucheza naye. "Njoo, Mtaita, nikupeleke haraka urudi kufagia." Nilimwangusha, nikamwangusha, nikamwangusha. Mota ya kinu ilikuwa imezimwa, nakumbuka, kwa sababu kicheko kilisikika mpaka barabarani.

"Hii mtoto imefundishwa na nani?"

"Mokaya, umetuletea mganga kutoka pwani!"

Baba mdogo alisimama mlangoni akitabasamu, na mimi nikahisi joto ambalo sikuwa nimelihisi tangu Voi. Wiki mbili watu walikuja kutoka Masimba kunitazama. Nilicheza mpaka ngozi ya kidole gumba ikachubuka. Nilifikiri wananipenda. Nilifikiri kila ninayemwangusha ni jiwe jingine kwenye ukuta wa chumba, na kwamba nikiwashinda wote kabisa, chumba hakitaanguka kamwe.

Kisha wakaanza kupungua, na aliyesema neno la kwanza alikuwa Ombati. Nilikuwa nimemwangusha mara ya nne siku ile. Aliinuka, akamwambia baba mdogo kwa Kiswahili ili nisikie: "Mzee, huyu kijana wako amepita kwa kisu?"

Baba mdogo alitikisa kichwa kukataa.

"Basi mimi siwezi kuendelea kuchapwa na omoisia mbele ya watu. Watanisema mpaka Nyamarambe."

Jioni ile Kemunto alinieleza, tukimenya ndizi jikoni. Alikuwa ananizidi mwaka mmoja tu lakini alizungumza nami kama shangazi. Omoisia ni mvulana ambaye hajatahiriwa. Kwa Wagusii, ukishatahiriwa humpigi omoisia, hucheki naye, hushindani naye, kwa sababu ukimshinda hujapata kitu na akikushinda umekwisha. Wenzangu wengi wa umri wangu walikuwa wamepita zamani.

"Kwa hiyo kosa si la gemu," alisema. "Ni wewe ambaye hujaiva. Desemba tata atakupeleka, mambo yataisha."

Nilimwamini. Sote tulimwamini, hata baba mdogo, kwa kuwa lilikuwa jambo linaloeleweka na lililokuwa na dawa. Miezi iliyobaki nilikaa nje watu walipokuwa ndani, na walikuwa wachache. Desemba nilikwenda mtoni kabla jua halijachomoza, nikaogeshwa maji baridi ya kukata roho, nikasimama mbele ya kisu bila kupepesa macho. Wazee walisifu. Hawakujua nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza benchi.

Tulikaa ndani wavulana watano, katika nyumba moja migombani, tukipona na kufundishwa kukaa kama wanaume. Wasichana hawakuruhusiwa kusogea. Lakini Kemunto alipita njiani na mtungi wake, na akifika nyuma ya migomba alipaza sauti kama anayeongea na mbuzi: "Chumba kimejaa! Watu wanasimama mpaka nje! Maranga amemchapa Ombati tena!"

Nililala chali juu ya mkeka nikacheka peke yangu. Nilijua kwa nini wamejaa. Walikuwa wanajiandaa kwa ajili yangu.

Januari nilitoka. Barua ya shule nayo ilikuwa imefika, na baba mdogo akaninunulia sweta ya buluu, kubwa, ya kukua nayo. Siku ya kwanza baada ya masomo nilikwenda chumbani nikiwa nimeivaa. Walinipa mkono mmoja mmoja. "Sasa wewe ni omomura," alisema Ombati, yaani kijana kamili, akasogea kwenye benchi kunipa nafasi, tena kwa heshima. Nikamchagua Dada Teke. Nikamwangusha Ombati, nikamwangusha Maranga, nikamwangusha mwenye kibanda cha simu, nikamwangusha kila aliyekaa mpaka jua likashuka.

Hakuna aliyeweza kusema omoisia tena. Walisema mengine. Vitufe vimelegea. Macho yanauma. Lori linaondoka. Maranga alisema ana viatu vya watu, na viatu vya watu alikuwa navyo siku zote, zamani alikuja navyo kwapani. Mvua kubwa ilipoanza, benchi lilikuwa na watu wawili kwa siku, na mmoja wao mimi.

"Kwa nini hawaji?" baba mdogo aliniuliza. Mara moja tu.

"Hawajui kucheza, baba mdogo," nilimjibu.

Akaitikia kwa kichwa polepole, akiamini kwamba mtoto anayaelewa mambo ya mashine kuliko yeye. Akauza ndama, akaenda Kisii, akarudi na kaseti mpya ya gemu. Hiyo ilikuwa gemu hasa. Wapiganaji kumi na sita, damu, radi nyuma yao, sauti ya mtu anayecheka kutoka kaburini. Siku tatu chumba kilijaa kama zamani. Lakini gemu ile ilitaka ujifunze. Ukibonyeza ovyo hakuna kinachotokea. Lazima chini, mbele, nyuma, kitufe cha kwanza, cha tatu, kwa haraka na kwa mpangilio. Maranga alikaa, akagonga kitufe chake kimoja. Mpiganaji wake alisimama tu, akijirekebisha mkanda, akipigwa. Maranga akagonga tena. Akaniangalia mimi, si kwa hasira, kama mtu aliyeingia kanisa ambalo nyimbo zake hazijui. Akaweka pedi chini taratibu, na sikumwona tena ndani ya chumba kile.

Siku hizi, popote ninapopita, nawasikia vijana wakibishana kwa nini gemu fulani ya kupigana imevuma na nyingine imekufa. Wanataja picha, wanataja idadi ya wapiganaji, kasi, mapigo ya siri. Siwaingilii. Lakini ninajua kilichoua zetu mbili. Ile mpya haikumpa Maranga mahali pa kuanzia. Ile ya zamani ilimpa, tena ilimpa kitu kikubwa zaidi: kila aliposhindwa, aliinuka akiamini kwamba kesho Mnene atapiga lile kofi. Alikuwa analipia ile kesho. Mimi nikakaa kwenye benchi nikaiondoa. Tohara haikuhusika. Omoisia lilikuwa neno lililokuwa karibu, wakalishika, kwa kuwa mwanamume mzima hawezi kusema mbele ya wenzake kwamba amekata tamaa kwa sababu ya kidoli kwenye televisheni.

Nilipoanza kuhisi hivyo, kwa mbali, kama mtoto anavyohisi, nilijaribu kushindwa. Nilimfuata Ombati stendi nikamsihi. Akaja. Tukaweka kaseti ya zamani. Nikamwacha Dada Teke asimame vibaya, nikapiga teke hewani, nikangoja nipigwe.

Ombati alisimamisha mchezo.

"Unaniachia?"

"Hapana."

"Mtaita. Niangalie. Mimi ni mtoto wako, unanilisha na kijiko?"

Alinipiga kidogo begani, akatoka. Nje nilimsikia akipiga mluzi kuita dereva wake.

Mwezi wa nne mwenye kinu, ambaye chumba kilikuwa chake, alisema anakitaka awekee magunia. Baba mdogo hakubisha. Televisheni na mashine vikapata mnunuzi kutoka Nyamira, na mimi nikapatiwa mahali Kericho, kwa binamu wa marehemu baba, kwenye nyumba za wachuma chai. Shule huko ilikuwa mbali na binamu alikuwa anahitaji mikono. Hakuna aliyenilaumu. Mama Kemunto alinipikia kuku siku ya Sabato, akanipa firigisi kama mgeni wa heshima, na Kemunto akala bila kuinua macho kwenye sahani.

Niliondoka Jumapili. Baba mdogo alitangulia kufungua chumba, kwa sababu mnunuzi angekuja kuchukua vitu saa sita. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, mwenyewe, televisheni imewashwa. Muda wote ule hakuwa amewahi kushika pedi. Alikuwa akisema muuza pombe mwema haonji.

"Kaa," aliniambia. "Hebu nionyeshe hiki kitu kabla hakijaenda. Nimchague nani?"

"Mnene. Ndiye rahisi."

"Mnene, basi. Na usiniachie. Nikigundua unaniachia nitakuchapa hapahapa, omomura au si omomura."

Akacheka, nami nikacheka. Kinu kilikuwa kimya. Niliapa moyoni kwamba nitampa huyu mtu ushindi mmoja, mmoja tu, hata nijifanye kidole kimeteleza. Lakini alikuwa ananitazama vidole, si skrini, na alikuwa amesema nisimwachie. Na vidole vilikuwa vinahesabu vyenyewe. Dada Teke akachuchumaa. Mnene akaanguka.

"Ee! Anaamkaje huyu?"

"Anaamka mwenyewe, baba mdogo. Ngoja."

Akangoja. Mnene akainua goti, akaanguka. Baba mdogo akabonyeza kila kitu kilichokuwepo, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akiinua pedi juu na kuishusha, akiinama kushoto na mwili wote. Mnene akaanguka.

"Mbona haamki?"

Raundi ikaisha. Ya pili ikaanza, ikaenda vilevile, na katikati yake niliona mikono yake imetulia. Hakubonyeza tena. Alishika pedi tu, akitazama yule mtu mnene akianguka na kuinuka nusu na kuanguka, mpaka muziki ukabadilika.

"Aa," alisema, kwa upole kabisa. "Nimeelewa sasa. Hapa mtu hawezi kukaa."

Akazungusha waya kwenye pedi vizuri, kwa ajili ya mnunuzi, akazima televisheni. Mzigo wangu aliubeba yeye mwenyewe mpaka stendi, nami nikamfuata na sweta ya shule mkononi. Basi la Kericho lilipofika akaupandisha mzigo juu ya keria, akashuka, akanishika kichwa, akaanza kurudi sokoni kabla dereva hajatia gia. Sijakanyaga Keroka tena.